Kidirisha kinachofunguka mtu akiwa anahesabu

Wiki hii nimekuwa na kazi moja tu: kupitia kila mahali ambapo programu-jalizi yetu ya Excel inafungua kidirisha ibukizi, na kuuliza kila kimoja kina haki gani ya kuwepo. Programu yenyewe ni ya vyama vya akiba na mikopo. Inakaa pembeni mwa faili, inasoma michango, inapiga riba, inatoa taarifa ya mwanachama mmoja mmoja. Kazi ya kawaida kabisa. Lakini wanaoitumia wanashika fedha za watu, fedha za ada na za mabati na za matibabu, kwa hiyo siwezi kuichukulia kama mchezo.

Msimamo wangu nausema mapema. Kidirisha kifunguke pale tu aliye mbele ya skrini amekiita mwenyewe, muda uleule, kwa kubofya kitu kinachomwambia wazi kwamba dirisha linakuja. Vinginevyo tunamvuruga mtu akili akiwa katikati ya hesabu, na hakuna ujumbe wetu hata mmoja wenye thamani kuliko hesabu hiyo.

Kwa wasiozijua kazi hizi kwa ndani: programu-jalizi za siku hizi za Excel, Word na Outlook ni kurasa za wavuti. Unaziandika kwa HTML na JavaScript, zinakaa kwenye seva yako, na Excel inazionyesha kwenye paneli ya pembeni. Paneli ni nyembamba. Ukihitaji nafasi zaidi, unaita amri inayoitwa displayDialogAsync, unaipa anwani ya ukurasa pamoja na upana na urefu, na dirisha jipya linatokea katikati ya skrini. Ni mstari mmoja wa msimbo. Kwa urahisi huo, vidirisha vimezagaa kila mahali: cha kukaribisha, cha kupongeza, cha kutangaza toleo jipya, cha kuuliza kama umeridhika.

Juzi nilikaa nyuma ya mama mmoja mhasibu wa chama hapa Morogoro, nikamwomba afanye kazi yake kama kawaida mimi nitazame tu. Anatumia daftari la karatasi. Kidole cha mkono wa kushoto kinakaa kwenye mstari, mkono wa kulia uko kwenye tarakimu za kibodi, macho yako kwenye daftari. Skrini haitazami. Anasoma kwa midomo: arobaini na tano elfu, Enter, thelathini elfu, Enter. Vidole vyake vinakwenda haraka kuliko ninavyoweza kufuata. Ghafla programu nyingine iliyokuwa kwenye kompyuta hiyo, ya kampuni ambayo sitaitaja, ikafungua dirisha lake la kuomba kusasishwa. Yeye hakuliona. Tarakimu zilizofuata ziliingia humo, na Enter iliyofuata ikabonyeza “Sawa”. Aliponyanyua macho, tayari upau wa kupakua ulikuwa unatembea.

“Mwanangu, hiki kimetoka wapi?” akaniuliza. “Na mimi nilikuwa mstari gani?”

Sikuwa na jibu la swali la pili, na hakuna kompyuta ambayo ingekuwa nalo. Alirudi juu ya ukurasa, akaanza upya.

Hilo ndilo jambo ninalotaka waandishi wa programu wenzangu walione. Tunapozungumza kuhusu vidirisha tunazungumza sana kuhusu maudhui yake: maneno yawe mafupi, rangi iwe hivi, kitufe kikae kulia. Kinachoumiza zaidi ni muda. Dirisha jipya linapofunguka hunyakua kibodi. Kila kinachoandikwa baada ya hapo ni cha dirisha hilo. Kwa mtu anayetazama skrini, ni kero ndogo. Kwa mtu anayenakili kutoka kwenye karatasi, na hapa kwetu hao ni wengi mno, ni mwanya wa kukubali jambo ambalo hakulisoma.

Walioandika VBA, lugha ya kuandikia programu ndogo ndani ya Excel, wanaijua hatari hii. VBA iliingia kwenye Excel 5 mwaka 1993, na MsgBox, amri yake ya kufungua kisanduku cha ujumbe, husimamisha kila kitu hadi ujibu. Ukiiandikia Ndiyo na Hapana bila kusema zaidi, kitufe cha kwanza ndicho kinachosubiri Enter. Kwa hiyo wazoefu, kwenye swali la kufuta, huongeza vbDefaultButton2 ili Enter ya bahati mbaya iangukie Hapana. Ni neno moja tu mwishoni mwa mstari, lakini aliyeliweka alimfikiria mtu ambaye macho yake yako kwenye daftari.

Kwenye programu-jalizi za sasa mambo yamegeuka upande wa pili, na hapa pana mtego ambao hauandikwi vya kutosha. Kidirisha cha displayDialogAsync hakilizuii faili. Mtu anaweza kukiacha wazi, akarudi kwenye jedwali, akabofya seli nyingine, akaongeza mstari, kisha akarudi kujibu. Kwa mtumiaji ni jambo jema: mama yule anaweza kufungua fomu ya mkopo, akachungulia salio la mwanachama kwenye jedwali, akarudi kujaza. Kwa mwandishi wa programu ni wajibu mpya. Ukisubiri jibu kisha ukauliza Excel “seli iliyochaguliwa ni ipi?”, utapewa seli aliyopo sasa, wala si ile aliyokuwa nayo alipobofya kitufe. Marejesho ya mwanachama mmoja yanaandikwa kwa mwingine. Hakuna kosa litakaloonekana, hakuna rangi nyekundu, na jumla ya mwisho itakuwa sawasawa. Mtu atakuja kugundua siku mwanachama anapolalamika.

Kwa hiyo kanuni tuliyoiweka ni kukamata mahali kabla ya kufungua dirisha. Na kukamata anwani kama D47 hakutoshi, kwa sababu mstari ukiongezwa juu yake, D47 inakuwa ya mtu mwingine. Tunaliwekea eneo hilo jina ndani ya faili, na jina linasogea pamoja na seli zake. Zaidi ya hapo, juu ya kidirisha tunaandika jina la mwanachama na namba yake kwa herufi kubwa. Aliyeitwa kwenye simu akarudi baada ya muda asikisie fomu iliyo wazi ni ya nani.

Mtandao nao una lake. Kidirisha ni ukurasa wa wavuti, kwa hiyo kinapofunguka kinakwenda kuchukuliwa kwenye seva. Mtandao ukiwa wa kusuasua, anayebofya haoni kitu, au anaona dirisha jeupe tupu. Anafanya nini? Anabofya tena. Programu za Microsoft Office haziruhusu ukurasa mmoja kufungua vidirisha viwili kwa wakati mmoja. Jaribio la pili linarudisha kosa namba 12007. Nimeona programu zinazoitoa namba hiyo kama ilivyo mbele ya mtumiaji, kwa Kiingereza. Mtu aliyebofya mara mbili kwa sababu mtandao wake ni mzito anapewa namba kana kwamba ameharibu kitu. Sisi tunakizima kitufe mara tu kinapobofywa, na palepale kwenye paneli panaandikwa “Inafungua fomu ya mkopo…”. Ukurasa wa kidirisha tumeupunguza: hauna picha, hauna fonti za kupakua, hauna maktaba ambayo haitumiki. Kilobaiti chache zinazokuja haraka zina heshima kuliko mapambo.

Halafu kuna X, alama ya kufungia dirisha. Mtu akikifunga kidirisha kwa X hakuna ujumbe unaotoka kwenye ukurasa wake. Taarifa inakuja kwa njia nyingine, kama tukio lenye namba 12006. Usiposikiliza tukio hilo, paneli inaendelea kungoja, kitufe kinabaki kimezimwa, na mtu anaamini programu imeganda. Na upande wa pili, ukurasa ukishatuma jibu lake kwenye paneli kwa amri ya messageParent, dirisha halijifungi lenyewe. Ni paneli inayopaswa kulifunga. Mambo haya mawili ni madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama mtu ataiamini programu yako. Kwangu X ni jibu kamili: mtu amesema “sitaki”. Hatuulizi “una uhakika?” juu ya X, isipokuwa ameshajaza kitu ambacho kitapotea.

Ukubwa nao umenipa mawazo. Vipimo vinatolewa kwa asilimia ya skrini, si kwa pikseli. Msanidi mwenye skrini ya 1920 kwa 1080 anaandika upana 30 na urefu 40, anapata dirisha la pikseli 576 kwa 432, fomu yake inaenea vizuri. Msimbo uleule kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye skrini ya 1366 kwa 768, aina iliyojaa kwenye ofisi zetu, unatoa takriban 410 kwa 307. Kitufe cha Hifadhi kinazama chini na hakuna kinachomwambia mtu ashuke. Tunapima ukubwa wa skrini kwanza ndipo tunapiga asilimia, na vitufe vimebandikwa chini ya dirisha ili vionekane hata fomu ikiwa ndefu. Kila mwenzangu anayeunda kidirisha namsihi akifungue kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida kabla ya kusema kimekwisha.

Kuna kidirisha kimoja nisichobishana nacho: cha kuingia kwenye akaunti. Kurasa za kuingilia za Microsoft na Google zinakataa kuonyeshwa ndani ya fremu ya ukurasa mwingine, na zinafanya vyema, maana ndani ya fremu huwezi kuona anwani halisi wala kujua nenosiri lako unampa nani. Paneli haiwezi kufanya kazi hiyo. Unafungua kwanza ukurasa wa kikoa chako mwenyewe, yaani wa anwani ya tovuti yako, ndio unaompeleka mtu kwenye ukurasa wa kuingilia, na akimaliza anarudishwa kwako. Ukijaribu kuanza moja kwa moja na kikoa cha nje unakataliwa kwa kosa namba 12004. Ukianza na ukurasa usio wa HTTPS, njia salama ya wavuti, unakataliwa pia. Masharti hayo wapo wanaoyalalamikia. Mimi nayapenda. Yanamlinda mama yule dhidi ya programu-jalizi ya tapeli kama yanavyomlinda dhidi ya uzembe wangu.

Excel ya kwenye kivinjari inakwenda mbali zaidi: kabla dirisha halijafunguka, mtumiaji huulizwa kama anaruhusu. Ni hodi inayobishwa kwa niaba yetu. Akikataa tunapata 12009, na kivinjari kikizuia madirisha ibukizi tunapata 12011. Kuna njia ya kuizima hodi hiyo, promptBeforeOpen, na kwenye mijadala ya wasanidi ushauri wa haraka huwa ni kuizima. Sisi tumeiacha. Mtu aliyebofya “Ingia” ataruhusu bila shida. Akishtuka na kukataa, maana yake hakutarajia dirisha, na hapo tatizo ni la kitufe chetu, tunalirekebisha kwenye kitufe.

Somo hili Microsoft wenyewe walilipata kwa gharama. Office 97 ilikuja na msaidizi wa kuchorwa, kile kibanio cha karatasi chenye macho, kilichojitokeza ukianza tu kuandika barua na kuuliza kama unahitaji msaada. Kwenye Office XP ya mwaka 2001 hakikuwashwa tena chenyewe, na Office 2007 ikakiondoa kabisa. Msaada wenyewe haukuwa mbaya. Kilichowachosha watu ni kusimamishwa katikati ya sentensi na kitu ambacho hawakukiita.

Baada ya kupitia vyote, tumebakiwa na vidirisha vitatu: cha kuingia, fomu ya mkopo, na taarifa ya mwanachama, ambayo inahitaji upana ili isomeke kabla ya kuchapwa. Pongezi za “umehifadhi” zimekuwa mstari mdogo chini ya paneli. Tangazo la toleo jipya limehamia kwenye ukurasa wa Msaada. Swali la kufuta ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu wenzangu wawili walitaka kidirisha kibaki hapo, kwa usalama, na hoja yao ilikuwa na uzito. Tulichokubaliana ni kwamba mstari uliofutwa unahamia kwenye karatasi ya Vilivyoondolewa ndani ya faili hilohilo, na kwenye paneli kunakaa kitufe kilichoandikwa “Rudisha” pamoja na jina la mwanachama. Hakuna Enter ya bahati mbaya inayoweza kupoteza kitu moja kwa moja.

Toleo hili nampelekea mama mwisho wa mwezi, siku ya kufunga hesabu, daftari likiwa limejaa. Nimemwomba ruhusa nikae tena nyuma yake, na safari hii nitaandika kila mara anaponyanyua macho kutoka kwenye karatasi na kilichomfanya anyanyue.