Chumba cha nyuma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeshindwa kuandaa somo. Tangu Jumanne usiku ninasumbuliwa na swali aliloulizwa Kaini: "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Na halikunijia kwenye ibada. Lilinijia nikitazama filamu ambayo wengi wenu mngeizima mapema.

Inaitwa Crumb, ya mwaka 1994, imetengenezwa na Terry Zwigoff. Inamhusu Robert Crumb, mchora katuni wa Marekani aliyepata jina miaka ya 1960 kule San Francisco. Michoro yake siitetei. Alivyowachora wanawake na alivyowachora watu weusi, mimi niliye vyote viwili niligeuza uso, na humo humo kwenye filamu wapo wanawake wanaompinga waziwazi. Watoto wasiione. Mimi niliitafuta kwa kuwa mtu huyohuyo alikuja kuchora kitabu kizima cha Mwanzo, sura zote 50, kikatoka 2009.

Aliyenishika ni kaka yake, Charles.

Charles ndiye aliyewasukuma wadogo zake wachore katuni utotoni. Baba yao alikuwa mtu wa jeshi, mkali kupindukia. Robert akatoka, akajulikana. Maxon, mdogo wao, tunamwona akiombaomba barabarani na kukalia ubao wa misumari. Dada zao wawili walikataa kuhojiwa. Charles alibaki kwa mama, chumbani, na vitabu vyake na dawa zake. Wanaonyesha madaftari yake ya zamani: kwanza picha na maneno, halafu maneno yanazisonga picha, mwishowe kurasa kwa kurasa za vimistari vidogo visivyosomeka. Robert anaongea na kucheka, kile kicheko cha mtu asiyejua ashike wapi. Charles alijiua 1992, filamu haijakamilika.

Nililia. Kwa sababu na kwetu kipo chumba cha nyuma.

Humo yumo kaka yangu, aliyenifundisha kusoma kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mama huweka sahani juu ya kigoda mlangoni, kaifunika na sahani nyingine, hugonga mara mbili, huondoka. Mimi hutuma hela kwa simu kila mwisho wa mwezi. Nikiulizwa habari za nyumbani, "wote wazima, tunamshukuru Mungu."

Kaini alisema "Sijui" na huku anajua. Mimi najua hadi kitasa cha ule mlango kilivyolegea.

Tusidanganyane, wapendwa, ni aibu tu. Tulisema ni pepo, tukaita waombaji, wakakesha wakipaza sauti pale mlangoni, asubuhi wakanywa chai, kila mtu akarudi kwake. Hakuna aliyerudi wiki iliyofuata hata na chungwa moja. Maombi siyapingi, mnanijua. Lakini Bwana alisema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Hakusema mkanitumia hela. Hakusema mkaniandika kwenye orodha ya wahitaji mkanisoma jina haraka haraka kabla ya matangazo. Mkaja. Na wa kupelekwa hospitali apelekwe, kumeza dawa si kukosa imani. Kuna watu tumewanyang'anya vidonge kwa jina la Yesu, na hilo tutaulizwa. Wewe unayesoma hapa, unaye wako, nawe unajua anakaa mlango gani. Nenda hata kama hutakuwa na la kusema.

Alhamisi nilipanda basi. Nilikaa sakafuni kando ya kile kigoda na, kwa kukosa la kusema, nikamsimulia filamu nzima kupitia mlango. Mama alipita na ndoo akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nilipofika kwenye yale madaftari, ndani kulikuwa kimya hadi nikadhani amelala.

"Huyo mdogo wake," akasema, "alikuwa anakwenda kumwona?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anakwenda.

Akakaa kidogo. Kisha akauliza leo mboga gani.