Nilivyoyafikisha ya kisimani hadi makao makuu

Kazi yangu ni kukaa na watu, kuyatazama maisha yao kwa karibu, kisha kuyapeleka niliyojifunza kwa mashirika makubwa ya kimataifa. Hilo la pili ndilo gumu. Aliye makao makuu ana bajeti na tarehe ya mwisho, nawe umemletea kurasa tele.

Mradi ulionifunza zaidi ulikuwa wa maji. Dodoso lilionyesha kuwa watu wanasubiri mno, na picha za foleni ndefu ya madumu kisimani zikathibitisha. Shirika likapanga kuongeza pampu. Nilishinda pale tangu alfajiri, nikisaidia kuteka na kubeba, nikaona kuwa foleni ile ilikuwa ya madumu matupu. Wenyewe waliyapanga usiku kushika nafasi, wakaenda shughulini, wakarudi msimamizi alipofika na ufunguo. Pampu ilitosha. Tatizo lilikuwa saa za kufungua, ambazo ziligongana na kazi za akina mama. Kwenye mkutano wa hadhara hakuna aliyelitaja, maana msimamizi alikuwa ameketi mbele pamoja na wageni. Nililisikia njiani, tukiwa tumejitwika maji.

Nilipomaliza kuandika, niliwasomea watu wa kisimani kwanza. Wakaomba niondoe mambo ambayo yangewagombanisha na majirani, nikayaondoa. Kwangu hatua hii haina mjadala, hata muda uwe mfinyu vipi.

Kisha nikalitafiti shirika lenyewe kwa njia ileile. Nilihudhuria vikao vyao nikasikiliza zaidi ya kusema. Kumbe ripoti ndefu husomwa fedha zikiwa zimeshagawanywa. Wakubwa wote husoma fomu ya vihatarishi vya mradi, yaani mambo yanayoweza kuukwamisha. Nikayaandika ya kisimani humo, kwa sentensi chache. Nikaomba pia wanakamati wa maji wazungumze wenyewe kikaoni kwa video.

Mkuu mmoja aliuliza kama maneno ya watu wachache yanatosha kubadili mpango. Nikamkumbusha Ebola ya Afrika Magharibi: mazishi yaliyowatenga wafiwa yaliwafanya watu wazike kwa siri, na maambukizi yakaendelea. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa kwa kuwashirikisha wanaanthropolojia, yaani watafiti wa maisha na desturi za watu, na viongozi wa dini.

Pampu ya pili haikununuliwa. Ufunguo ulikabidhiwa kamati, kisima kikawa kinafunguliwa jioni pia, na fedha zikatengewa vipuri, jambo ambalo wanakamati walilidai wenyewe.