Kufuli tatu na wazee wa Philadelphia

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Uyole kinaandika katiba upya, na kwa kuwa mimi ndiye katibu, tena mwalimu mstaafu wa Historia, kazi hiyo nilisukumiwa bila hata kuulizwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaitaka kabla hatujaomba mkopo wa halmashauri. Ile ya zamani ni kurasa mbili za daftari, na nusu yake ni faini: kuchelewa, simu kulia kikaoni, kusengenya mkopo wa mwenzio.

Kwa hiyo jioni, wajukuu wakishalala, nimerudia kusoma habari za wale waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba ya Marekani. Darasani nilizoea kuwapitia haraka haraka kwa sababu mtihani ulitaka majina na miaka tu. Safari hii nasoma kama katibu mwenzao.

Wengi wetu tunawafikiria waasisi wa Marekani kama manabii waliokaa meza moja. Thomas Jefferson, mwandishi wa Tamko la Uhuru, hakuwepo, alikuwa Paris, mjumbe wa nchi yake. John Adams naye alikuwa London kwa kazi kama hiyo. Rhode Island haikutuma mtu kabisa. Wajumbe 55 ndio waliohudhuria, kwa nyakati tofauti, George Washington akiwa kwenye kiti. Walifunga madirisha na joto lile la kiangazi ili maneno yasitoke nje. James Madison, mjumbe wa Virginia, aliandika mijadala tangu Mei mpaka Septemba, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1840, mwenyewe akiwa kaburini. Mimi kikao cha saa mbili tu kidole kinavimba.

Nilichokiona safari hii ni jinsi watu wale walivyokuwa hawaaminiani. Majimbo madogo yaliogopa kumezwa na makubwa, ikabidi wakubaliane Bunge liwe na pande mbili: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, lakini Seneti kila jimbo lipate watu wawili, liwe Virginia au Delaware. Rais anaweza kuukataa muswada. Bunge nalo, likipata theluthi mbili kila upande, linaupitisha hivyo hivyo. Rais anateua majaji, Seneti isipowaridhia hawakai.

Sisi tunalo sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo wanazo kina mama watatu wa mitaa tofauti, na sanduku analala nalo wa nne. Mwanachama mpya, binti anayeuza viazi sokoni, aliwahi kuuliza kwa sauti kama tunashukiana wizi. Mwenyekiti, mama wa Kinyakyusa ambaye huwa hapotezi neno, alimjibu: "Hatushukiani, mwanangu. Tunasaidiana tusiibe." Madison aliandika jambo linalofanana na hilo mwaka 1788: kwamba watu wangekuwa malaika, serikali isingehitajika.

Na malaika hawakuwa. Washington alimiliki watumwa, Madison vilevile. Katiba yao ilikubali watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, ili majimbo ya kusini yaongeze viti kwa migongo ya watu wasio na kura. Ikazuia pia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Wanafunzi wangu walikuwa wananibana hapo: Mwalimu, tuwaamini vipi hawa, huku Tamko lao la Uhuru linasema watu wote wameumbwa sawa? Nilikuwa nawajibu wasiwaamini, wasome vifungu. Utumwa ulikuja kufutwa kwa marekebisho ya 13, mwaka 1865, baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mlango wa marekebisho ulikuwepo tangu mwanzo, ila ulifunguliwa kwa damu.

Wa kuvutia zaidi kwangu ni wabishi. Siku ya kutia saini, wajumbe watatu waliokuwa ukumbini walikataa. Mmoja ni George Mason wa Virginia, naye mwenye watumwa, aliyelalamika kwamba hakuna tamko la haki za raia. Ubishi ukahamia majimboni, ambako katiba ilipaswa kuidhinishwa. Virginia iliipitisha katiba kwa kura 89 dhidi ya 79. Marekebisho kumi ya haki yakaingia mwaka 1791, na leo ndiyo yanayotajwa kuliko maandishi ya mwanzo. Kwetu pia haki zilichelewa: katiba ya uhuru ya mwaka 1961 haikuwa nazo, zikaja kuingizwa mwaka 1984, na mtu hakuweza kuzidai mahakamani mpaka 1988.

Sasa lipo moja nililoliiba waziwazi. Mwaka 1789 Madison alipendekeza kwamba wabunge wakijiongezea malipo, nyongeza isianze mpaka uchaguzi upite. Halikupata majimbo ya kutosha ya kuliidhinisha, likalala. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Texas akaliandikia insha, akapewa alama C (kwa niaba ya walimu wote, naomba radhi), akaanza kuyaandikia majimbo barua yaliidhinishe. Mwaka 1992 likawa marekebisho ya 27.

Nimeliweka kwenye rasimu yetu: posho ya viongozi isiongezwe mpaka uchaguzi ujao upite. Mhazini alisimama kabla sijamaliza kusoma. Je, nauli yake ya kwenda benki Mwanjelwa nayo ni posho? Tukabishana mpaka giza likaingia. Mwenyekiti akasema nauli si posho, mradi iwe na risiti. Mhazini akauliza ni dereva gani wa bajaji Mbeya hii anayetoa risiti. Kifungu kimebaki kiporo mpaka kikao kijacho.