Pawa Stelingi Bila Kutoboa Chuma

Bega la kulia la mjomba lilipoteguka, swali lake la kwanza baada ya maumivu kupungua lilikuwa ni nani atakayemwegeshea Chevelle yake. Lilikuwa Chevrolet Chevelle la mwaka 1968, lenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 307, lililotoka kiwandani bila pawa stelingi, yaani bila mfumo wa pampu unaomsaidia dereva kuugeuza usukani. Gari la namna hiyo likiwa katika mwendo halimsumbui dereva hata kidogo. Taabu huanza pale linapotakiwa kuingizwa mahali pafinyu, kwa kuwa uzito wa injini yote ya chuma cha kalibu hulalia matairi ya mbele, na dereva hulazimika kuuvuta usukani mzunguko baada ya mzunguko kama mtu anayeteka maji katika kisima kirefu. Boksi lake la stelingi lilikuwa la uwiano wa 24 kwa 1, yaani mhimili wa juu ulizunguka mara 24 ili ule wa chini, unaoshika mkono wa pitmani (mkono wa chuma unaoyasukuma magurudumu yageuke), uzunguke mara moja. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwezesha binadamu kuyageuza magurudumu kwa nguvu zake mwenyewe, lakini ilidai bega zima.

Nilimshauri tufunge pawa stelingi, naye akakataa, kwa hoja kwamba gari la zamani likishaanza kubadilishwa viungo haliachi kubadilishwa mpaka likageuka kuwa gari jingine. Nilimkumbusha kwamba Francis Davis aliionyesha pawa stelingi kwenye gari la Pierce-Arrow mwaka 1926, na kwamba Chrysler waliiingiza sokoni kwenye Imperial mwaka 1951, miaka 17 kabla ya Chevelle lile kuundwa. Hayo hayakumtikisa. Kilichomlegeza ni kuambiwa kwamba Chevrolet wenyewe, mwaka ule wa 1968, walimfungia pawa stelingi mnunuzi yeyote wa Chevelle aliyekuwa tayari kuongeza fedha. Kumbe basi tungekuwa tunalipatia gari kitu ambacho mnunuzi wake wa kwanza alikikataa. Hata hivyo alitoa sharti.

"Mwanangu, fanya unavyojua," alisema, "ila usitoboe chuma wala usikate kitu. Siku nikitaka kulirudisha lilivyokuwa, nilirudishe kwa spana peke yake."

Sharti lile niliona ni la ukaidi wa mzee, lakini kadiri kazi ilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuliheshimu, kwa sababu kila njia ya mkato iliyojitokeza ilihitaji msumeno, na kila mara tulipoikataa tuligundua kwamba kiwanda kilikuwa na njia iliyo bora zaidi.

Boksi tulilochagua lilitoka kwenye Chevrolet Monte Carlo SS ya miaka ya 1980. Ni Saginaw, ukoo uleule wa boksi ambazo Chevelle ya pawa ilifungiwa kiwandani, na linakaa kwenye reli ya kushoto ya chesisi kwa bolti tatu katika matundu yaleyale. Uwiano wake ni 12.7 kwa 1. Ndani yake mna skrubu nene inayosukuma nati kwa kupitia gololi, kama ilivyo katika boksi la mkono. Tofauti ni kwamba mhimili wa kuingilia umeunganishwa na skrubu hiyo kwa ufito mwembamba wa chuma unaokubali kujisokota kidogo. Dereva anapogeuza usukani na matairi yakagoma, ufito hujisokota, valvu iliyouzunguka hufunguka, na mafuta yenye shinikizo kutoka kwenye pampu huisukuma nati upande unaotakiwa. Matairi yakitii, ufito hunyooka na msaada hukoma. Jambo ninalolipenda katika ubunifu huu ni kwamba pampu ikifa au mkanda ukikatika, chuma bado kimeshikana na chuma, na gari linageuka, ingawa kwa jasho jingi.

Kulitoa boksi la zamani kulichukua muda mrefu kuliko kulifunga jipya. Mkono wa pitmani huingia kwenye meno ya mhimili kwa kubana sana, na baada ya miongo kadhaa ya tope na joto huwa kama umechomelewa. Fundi mzee aliyekuwa akitusaidia hakutaka kuona nyundo karibu na mahali pale. Alifunga pula, kifaa cha kuvutia vitu vilivyobana, akaikaza mpaka skrubu yake ikaanza kulia, kisha akaondoka kwenda kunawa mikono. Mkono ule uliachia wenyewe wakati hakuna aliyekuwa akiugusa, kwa mlio uliomfanya mjomba atoke nje mbio akidhani gari limeanguka kwenye jeki.

Ugumu wa kweli ulikuwa kwenye nguzo ya usukani. Boksi la pawa ni refu zaidi upande wa juu kuliko lile la mkono, kwa hiyo nguzo ya gari lililotoka kiwandani bila pawa inakuwa ndefu mno. Wako mafundi wanaougonga mhimili wa ndani ya nguzo ili ujikunje kiasi kinachohitajika, na kwa hakika unajikunja, kwa kuwa tangu modeli za mwaka 1967 General Motors walianza kutumia nguzo zinazojikunja wakati wa ajali ili zisimchome dereva kifuani. Lakini kinachozuia mhimili huo usijikunje ovyo ni pini za plastiki, na pini zikishakatwa kwa nyundo hazirudi. Sikuona busara ya kuharibu kinga ya kifua ili kumpumzisha mtu bega. Tulitafuta nguzo ya Chevelle ya mwaka uleule iliyokuwa na pawa, tukaipata baada ya subira, na ikakaa kama ilivyokusudiwa. Kiungo cha mpira kinachounganisha nguzo na boksi nacho kilibadilishwa, kwa kuwa boksi za zamani zina meno 36 kwenye mhimili wa inchi 13/16, ilhali zile za baadaye zina meno 30 kwenye mhimili wa inchi 3/4.

Pampu ilihitaji kibebeo, yaani chuma cha kuishikia kwenye injini, cha mwaka sahihi. Injini ndogo za V8 za Chevrolet zilibadilishiwa pampu ya maji mwaka 1969, ikawa ndefu zaidi, na silinda hedi zikapata matundu ya kufungia vifaa mbele. Za mwaka 1968 hazina. Kibebeo cha baadaye kingetupeleka moja kwa moja kwenye kutoboa, na puli zisingekaa katika mstari mmoja. Mabomba ya mafuta nayo yalikuwa na fumbo lake: boksi la miaka ya 1980 hufungwa kwa nati za milimita 16 na 18 zenye oringi, yaani pete za mpira, wakati mabomba ya pampu ya zamani huziba kwa ncha iliyotanuliwa, chuma kwa chuma. Vipo viunganishi vidogo vinavyopatanisha pande hizo mbili, na ndivyo tulivyotumia.

Kutoa hewa kulifanyika injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya mbele yakiwa juu. Mimi niligeuza usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, fundi akijazia mafuta na kutazama mapovu. Ukiwasha injini mapema, pampu huyapiga mafuta na hewa yakawa povu, kisha hulalamika kwa sauti usiyoweza kuisahau.

Siku ya kulijaribu, gari liliegeshwa kwa kidole. Barabarani lakini lilikuwa na kasoro: lilitangatanga. Likinyooka, halikushika njia, na baada ya kona usukani ulisita kurudi katikati. Boksi halikuwa na ila. Gari la stelingi ya mkono hupangwa kiwandani likiwa na kasta ya karibu na sifuri, au hasi kidogo, ili usukani usiwe mzito kupita kiasi. Yaani kiungo cha juu cha gurudumu hakiegemei nyuma vya kutosha kuvuta gurudumu linyooke. Uzito wa usukani wenyewe ulikuwa umeificha hali hiyo kwa miaka yote. Pawa ilipouondoa, ikaonekana.

Kwa bahati nzuri, marekebisho yake yanafanywa kwa vipande vya bati vinavyokaa kati ya mkono wa juu wa saspensheni na chesisi. Vikipunguzwa kwenye bolti ya mbele na kuongezwa kwenye ya nyuma, kiungo cha juu kinarudi nyuma. Fundi aliyetupimia magurudumu alitaka kufuata namba za kitabu cha mwaka 1968, na ilibidi nimsihi asizifuate, kwa kuwa zilitungwa kwa ajili ya mikono mitupu na matairi membamba yenye nyuzi za mshazari. Tulikubaliana juu ya kasta chanya ya digrii 3. Tangu hapo linanyooka, na usukani ukiachiwa baada ya kona hurudi wenyewe.

Limebaki jambo moja tu tusiloafikiana. Mjomba ameuacha usukani wake mpana wa zamani, uliotengenezwa kuwa mpana ili mikono ipate nguvu ya kuugeuza. Kwa boksi la 12.7 naona ungefaa ulio mdogo zaidi, na nimeshamwambia kwamba kuubadilisha hakuhitaji kutoboa chochote. Yeye hunijibu kwamba sharti lake lilihusu chuma, na kwamba usukani hakuwahi kuuweka mezani.