Mtoto umemkabidhi kwa nani?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii kuna jambo limenikaa moyoni hadi usingizi umekuwa wa shida. Huku Uingereza dada mmoja ninayefanya naye kazi kajifungua, akanialika kwenye baraka za mtoto, mi nikajua ni kanisani kumbe yeye na mumewe ni wafuasi wa Wicca, ile dini ya kipagani ya kisasa aliyoitangaza Gerald Gardner miaka ya 1950. Akanieleza kwa upole tu, watu wanasimama duara bustanini, wanaita pande nne za dunia, hewa, moto, maji na udongo, mtoto anatajwa jina mbele ya mungu wa kiume na mungu wa kike, na kuna watu wazima wanaahidi kumlinda. Ila mtoto hafungwi, akikua atachagua dini mwenyewe.

Sikwenda. Nilimpelekea nguo za mtoto, nikamwambia namwombea kwa Yesu, akanikumbatia. Warumi 1:25 iko wazi, hatuabudu kiumbe, hapo sina mjadala.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni sisi jamani. Wale walinzi wa mtoto aliwaita nyumbani mapema kabisa, wakakaa wakaongea watamsaidiaje akiumwa, akifiwa, akipotea njia. Sisi msimamizi wa ubatizo tunamchagua kwa kuangalia mfuko! Tunashona sare, keki, MC, mpiga picha, halafu mtoto anamaliza la saba hajawahi kumsikia baba yake akiomba, na ukiuliza unaambiwa "atachagua akikua". Mkristo unasemaje hivyo? Shamba usilopanda halikai tupu, majani yataota tu. Hana alipompeleka Samweli alikwenda kumtoa kwa Bwana kweli kweli. Na Kumbukumbu 6:7, inayotuambia tuwafundishe watoto neno la Mungu, haidai hela, "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani", basi.

Mama yangu hakusoma, ila kila alfajiri akiwasha jiko la mkaa alikuwa anatutaja kwa Mungu mmoja mmoja kwa majina, sisi tuko kitandani tunasikia, na nimefika huku ugenini nimekutana na mengi na ile sauti ndo imenishika nisipotee.

Kwa hiyo mpendwa, kama una mtoto uliyemsimamia ubatizo, hata kama ni kijana mkubwa sasa ana ndevu, mpigie wiki hii, muulize anaendeleaje, na umwombee kwenye simu hiyohiyo kabla hujakata.