Badrinath, mji wa miezi sita

Badrinath ni mji mdogo wa hija katika wilaya ya Chamoli, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Umejengwa kando ya mto Alaknanda, kwenye kimo cha takriban meta 3,100. Kwa msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kimo hicho kiko baina ya kambi ya Mandara na kambi ya Horombo, ila hapa watu hufika kwa basi, wakiwemo vikongwe waliovaa ndala juu ya soksi. Kilele cha Neelkanth, kilicho nyuma ya mji, kina meta 6,596 na kinaipita Kibo kwa meta 700 hivi.

Nilikwenda huko mwezi Septemba, nilipokuwa nasoma Dehradun, kwa mwaliko wa familia ya mwenzangu wa darasani iliyokuwa na ibada ya kumwombea marehemu babu yao.

Hekalu la Badrinath ni la Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, nalo hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwezi Mei na kufungwa Novemba. Waumini husema kwamba miezi sita ya kiangazi ni zamu ya wanadamu kumwabudu na miezi sita ya theluji ni zamu ya miungu, na maisha yote ya mji yamepangwa juu ya imani hiyo. Tarehe ya kufungua hutangazwa katika Basant Panchami, sikukuu ya Januari au Februari, kwenye kasri ya Narendranagar ya ukoo uliokuwa ukitawala Tehri, ufalme wa zamani wa milima hii. Tarehe ya kufunga hutangazwa siku ya Vijayadashami, sikukuu ya Septemba au Oktoba. Siku ya kufunga inapowadia, sanamu hufunikwa blanketi la sufu lililofumwa na wanawake wa kijiji cha Mana na kupakwa samli, na taa huachwa ikiwaka ndani. Kuhani mkuu, anayeitwa Rawal, huvaa mavazi ya kike kama mwandani wa Lakshmi, mke wa Vishnu, ili aiingize sanamu ya mungu huyo wa kike ikae karibu na mumewe, kwa kuwa si adabu mwanamume wa kando kumshika mke wa mtu. Kisha sanamu za Uddhav, rafiki wa Krishna, na Kuber, mungu wa mali, huteremshwa hadi kijiji cha Pandukeshwar, kiti cha Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, hupelekwa mji wa Joshimath ulio chini zaidi, na wenye maduka, wapishi na wanakijiji wa Mana nao hufungasha na kushuka.

Rawal mwenyewe hatoki milimani. Kwa desturi ni Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani, wa jamii ya Nambudiri kutoka Kerala, kusini kabisa mwa nchi, na desturi hiyo huhusishwa na Shankara, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeitoa sanamu mtoni.

Kabla ya kuingia hekaluni mahujaji huoga Tapt Kund, chemchemi ya maji ya moto iliyo chini ya ngazi, hatua chache tu kutoka Alaknanda inayopita na maji ya barafu. Hata hivyo, mahali palipo na uzito zaidi kwangu ni Brahma Kapal, jukwaa la mawe ukingoni mwa mto, ambapo jamaa huwatolea marehemu matonge ya wali. Mwana wa marehemu alikaa sakafuni mbele ya kuhani, akataja majina ya baba, babu na babu wa babu, na alipokwama shangazi yake alimnong'oneza jina kutoka nyuma. Wahindu wengi huamini kwamba aliyefanyiwa ibada hapa hahitaji kufanyiwa tena kwingineko. Nilikaa kando na viatu vyangu mkononi, na hakuna aliyeniuliza dini yangu.

Njia ya kufika huko inanitia wasiwasi. Kutoka Rishikesh ni kilomita 300 hivi, kupitia Devprayag, ambako Alaknanda hukutana na Bhagirathi na kuwa mto Ganga, kisha Rudraprayag, Karnaprayag na Joshimath. Mradi wa kupanua karibu kilomita 900 za barabara za kwenda kwenye mahekalu manne ya hija ya jimbo hili, Badrinath likiwa mojawapo, ulizinduliwa mwaka 2016, na katika sehemu nyingi mlima umekatwa wima, udongo ukiwa mtupu. Joshimath nako, Januari 2023, mamia ya nyumba zilipasuka nyufa na familia zikahamishwa, ingawa kamati ya serikali ilikuwa imeonya tangu 1976 kwamba mji huo umekaa juu ya kifusi cha maporomoko ya kale na haufai kubebeshwa majengo mazito. Sidhani ni haki kuwalaumu wazee wanaotaka kumwona mungu wao kabla ya kufa. Lakini desturi iliyojua kufunga mlango na kuuachia mlima miezi sita ingepaswa kusikilizwa na wahandisi pia.

Anayekusudia kwenda aepuke Julai na Agosti, miezi ya mvua na maporomoko, ajiandikishe mapema kama serikali ya jimbo inavyotaka, na alale Joshimath usiku mmoja ili mwili uzoee kimo. Nyama na pombe haviuzwi mjini, na kumbukeni koti zito hata mwezi Juni. Kijiji cha Mana, kilomita tatu mbele, kinafikika kwa miguu, na chai inayouzwa kule ni nzuri kuliko ya mjini.