Siku Mbili Juu ya Maji ya Rufiji

Anayeishi Mbagala kwa miaka mingi huufahamu mto Rufiji kabla hajauona. Huufahamu kwa mikeka ya ukindu inayotembezwa mlango kwa mlango, kwa matenga ya samaki wa kukausha yanayoshushwa kutoka mabasi ya kusini pale Rangi Tatu, na kwa majirani ambao kila wakisema "nyumbani" huelekeza kidole upande wa Kibiti na Ikwiriri. Huufahamu pia kwa maneno ya vijiweni, maana hapa Dar es Salaam sidhani kama kuna mto uliosingiziwa mambo mengi kama huo: waganga wake, wachawi wake, na zaidi ya yote mamba wa kutumwa, yule anayesemekana kumchagua mtu mmoja katikati ya watu kumi wanaooga kwa sababu ndiye aliyeagizwa. Hayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto wa shule, na nakiri kwamba nilipopanga safari na mdogo wangu mwishoni mwa Agosti mwaka jana, moyoni nilitaka kumwona mamba kuliko nilivyotaka kumwona tembo.

Jirani yangu, mama wa makamo aliyezaliwa huko, alinipa pole ya safari kabla sijaondoka, kisha akanituma jambo moja tu. Hakutaka samaki wala mkeka. "Uniangalizie kama ng'ambo wamelima," alisema, nami nikaitikia bila kuelewa nilichokuwa nimeitikia.

Njia sitaisimulia sana. Hadi Kibiti ni lami, na baada ya hapo ni vumbi jekundu na mashimo mpaka kijiji cha Mloka, kilichoko ukingo wa kaskazini wa mto, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hiyo, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilimegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, na wazee wa Mloka bado huiita Selous kana kwamba hakuna kilichobadilika. Tulilala kijijini, na asubuhi yake, baada ya kulipa viingilio, tukapanda boti ya bati yenye injini ndogo nyuma na upondo mrefu uliolazwa pembeni. Upondo ule nilidhani ni wa mapambo.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, mzaliwa wa hapo hapo, aliyevua samaki na baba yake kabla ya kuanza kupeleka wageni. Katika saa ya kwanza hakuzungumza karibu neno lolote. Alikuwa akiyatazama maji, na mimi niliyekuwa nikitazama miti sikujua kwamba mengi yaliyostahili kuonwa yalikuwa kule alikokuwa akitazama yeye. Rufiji wakati wa kiangazi ni mto mpana wenye kina kidogo, unaojigawa katika mikondo na kuacha mafungu ya mchanga yanayohama mwaka hata mwaka, kiasi kwamba njia ya mwaka jana haimfai mtu mwaka huu. Kwenye kingo kulikuwa na mivumo mirefu, miti ya jamii ya mnazi, mingine imekufa ikabaki nguzo tupu, na juu ya nguzo hizo walikaa furukombe wenye vichwa vyeupe, wakipiga ile kelele yao inayofanana na kicheko. Chini yao, ndani ya ukuta wa udongo uliokatwa na maji, kulikuwa na matundu mengi mno, na kila tundu lilitoa au kumeza ndege mdogo mwenye koo jekundu, jamii ya wale wala nyuki, ambao huchimba viota vyao katika kingo wima ambako nyoka na kenge hupata taabu kufika. Mdogo wangu, ambaye si mtu wa ndege, alikaa akiwatazama hadi nahodha akazima injini ili asimkatishe.

Kisha ghafla nahodha akagonga ubavu wa boti kwa kiganja, mara tatu. Niliuliza kwa nini. "Nawabishia hodi, dada," alijibu. Hapakupita muda viboko wakaanza kuibuka mbele yetu, kwanza masikio, halafu macho na pua, nikahesabu kumi na wanne nikapoteza hesabu. Alieleza kwamba kiboko aliye juu ya maji si tatizo, kwa kuwa unamwona; tatizo ni yule aliye chini, anayeweza kukaa huko kwa muda wa dakika tano hivi akitembea juu ya sakafu ya mto, nawe hujui atatokea wapi. Ukigonga, hupenda kujitokeza aone ni nani. Akatuonyesha mstari wa mapovu uliokuwa ukikatiza mbele ya boti na kutuambia tusubiri, na kweli mwisho wa mstari ule palitokea kichwa. Kanuni yake kubwa ilikuwa kutojiweka kamwe kati ya kiboko na maji ya kina, kwa kuwa huko ndiko kwenye maficho yake, na akishtuka huko ndiko atakakokimbilia bila kujali aliye njiani.

Mamba tuliwaona wengi kuliko nilivyoomba. Walilala juu ya mafungu ya mchanga wakiwa wameachama vinywa, jambo ambalo nilidhani ni la vitisho kumbe ni namna yao ya kupunguza joto. Nahodha alitueleza jinsi jike anavyofukia mayai mchangani na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi, akisubiri kusikia sauti za watoto kutoka ndani ya mayai ndipo afukue. Alipokuwa akieleza hayo boti ikakwama. Ilipanda fungu lililokuwa chini kidogo ya uso wa maji, injini ikatifua mchanga, ikazimika. Hatua thelathini hivi kutoka pale tulipokwama alilala mamba ambaye sitataja urefu wake kwa sababu hamtaniamini. Nahodha alisimama, akauchukua ule upondo wa mapambo, akasukuma taratibu huku macho yake yakiwa juu ya maji na si juu ya mamba wa mchangani. Baada ya dakika ambazo kwangu zilikuwa ndefu, boti ikachomoka.

Hofu hunifanya nizungumze, kwa hiyo hapo ndipo nilipouliza swali langu la Mbagala, kama ni kweli wapo mamba wa kutumwa. Nahodha alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Dada, mamba wa mto huu hawahitaji kutumwa. Wanajituma wenyewe." Kisha akaacha kucheka, akasema kwamba anao ndugu waliochukuliwa wakichota maji, na kwamba mtu akishachukuliwa, watu hutafuta sababu, kwa kuwa ni vigumu kumzika mtu ambaye kosa lake lilikuwa ndoo tupu.

Twiga tuliwaona ukingo wa kaskazini, na nahodha akatuambia tusihangaike kuwatafuta ule wa kusini, kwa sababu katika eneo hili twiga hawapatikani ng'ambo ya Rufiji. Tembo tuliwakuta mchana wakivuka mkondo mdogo, majike na watoto, mtoto mmoja akishikilia mkia wa mama yake. Ni vigumu kuwatazama bila kukumbuka hesabu. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa Selous walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 iliwakuta wapatao 13,000 tu, na mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza pori hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Nahodha anasema sasa wanaonekana zaidi kuliko alipokuwa kijana. Alisema hivyo kwa furaha, kisha akaongeza kwamba shangazi yake hatafurahi kumsikia akisema hivyo, na kwamba kesho yake angetupeleka tukamwamkie.

Shangazi huyo, bibi wa miaka zaidi ya sabini, tulimkuta barazani akisuka ukili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za Mbagala kana kwamba ni kijiji cha jirani, na kwa hakika kwake ndivyo kilivyo, kwa kuwa wanawe watatu wanaishi huko. Alizaliwa ng'ambo, ukingo wa kusini, katika bonde lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, naye akiwa binti mdogo akavushwa na wazazi wake. Lakini mashamba hayakuhama. Udongo wenye rutuba ulibaki bondeni, ambako mto ukijivuta baada ya mafuriko huacha unyevu, na watu hupanda humo mazao ya mlau bila kungoja mvua. Kwa hiyo hadi leo huvuka kwa mtumbwi kwenda kulima, na mazao yakianza kukomaa hulala huko huko katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakipiga madebe usiku kufukuza nguruwe pori, viboko na tembo.

Nilimuuliza kama hakumwogopa simba huko dunguni. Alikaa kimya kidogo, mikono ikiendelea na ukili. "Simba tulikuwa hatumchukii, mwanangu. Tunamchukia nguruwe, kwa sababu ndiye anayemleta." Baadaye, nilipokumbuka yaliyotokea Rufiji kati ya mwaka 2002 na 2004, nilielewa kwamba bibi alikuwa amefupisha kwa sentensi mbili jambo ambalo watafiti walilifikia kwa takwimu: nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mtu aliyelala shambani kumzuia nguruwe asile hukutwa na simba. Katika miezi ile zaidi ya watu 30 waliuawa wilayani. Simba mmoja aliyehusishwa na vifo hivyo wanakijiji walimpa jina la Osama, na alipopigwa risasi Aprili 2004 alikutwa na jino lenye usaha. Bibi anayakumbuka majina ya watu, sio ya simba.

Zipo fedha ambazo serikali hulipa kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na majina hayo yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Mimi naona kwamba mgeni anayelipa kumwona kiboko mchana angefaa kukaa walau saa moja na mtu anayemfukuza kiboko huyo huyo usiku. Tulikuwa wageni wa kwanza kuketi katika baraza ile mwaka huo, ingawa boti za wageni hupita kila siku umbali wa mwendo mfupi kutoka hapo.

Kabla hatujaaga niliukumbuka utume wangu, nikauliza kama ng'ambo wamelima. Bibi aliweka ukili chini. Alieleza kwamba tangu bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililoko juu zaidi kwenye mto huu, lianze kujazwa, Desemba 2022, hawajui tena mto utakuja lini na kwa kiasi gani. Kwamba mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalisomba mashamba yake yote mawili. Na kwamba zamani waliutazama mto lakini siku hizi wanasikiliza redio. Hakulalamika juu ya umeme. Alisema wanawe Mbagala wana friji. "Mwambie jirani yako tumelima," alisema, "ila upande wa juu. Kule chini kwa babu zake hakuna aliyerudi."

Nilifika nyumbani saa mbili usiku, nikiwa na mkeka niliouziwa kwa bei ambayo nashuku ilikuwa ya huruma. Jirani alikuja na kuupekua kwanza mkeka, akaupindua, akahesabu mishono, akaridhika. Mdogo wangu alianza kumsimulia habari za mamba na viboko, naye alisikiliza kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi, nami nikampa maneno ya bibi kama nilivyopewa. Aliuliza, "Upande wa juu tu?" Nikamwambia ndiyo. Akaukunja mkeka, akaniambia nisiuanike juani siku nzima, utakatika.